Utamu Unaojulikana Kwao: Soda za Miwa, Asali na Ukwaju Makadara

Alasiri, jua likiwa kali kwenye Barabara ya Jogoo, Makadara, mashariki mwa Nairobi, sauti ya mashine ya miwa husikika kabla mashine yenyewe haijaonekana. Muuzaji huingiza muwa uliomenywa katikati ya magurudumu ya chuma, huukunja ukiwa umebeba kipande cha tangawizi na nusu ya ndimu, huupitisha tena hadi yabaki makapi matupu, na maji ya kijani kilichofifia hutiririka kwenye jagi. Hatua chache kutoka hapo pana duka lenye friji ya kioo ambako kila mteja huulizwa swali moja: "Baridi ama moto?" Soda ya chupa na juisi ya miwa zinagombea kiu ya watu wale wale: mafundi wa Viwandani wanaotoka zamu, wanafunzi wa Jericho na Maringo, akina mama wanaorudi kutoka soko la Burma na nyama ya jioni.

Kati ya vinywaji hivi viwili pana nafasi ya cha tatu. Ni soda ya kutengenezwa kwa mkono, kidogo kidogo, yenye mapovu ya soda na utamu unaojulikana ulikotoka, uwe wa muwa, wa asali, wa tunda au wa sukari nguru. Nchi nyingine soda za aina hii zina soko lake tangu zamani. Kampuni ya Fentimans ya Uingereza ilianza mwaka 1905 na mpaka leo inauza soda ya tangawizi ya kuchachushwa. Marekani, Chris Reed aliingia sokoni na soda yake ya tangawizi mwishoni mwa miaka ya 1980, akiitia asali na maji ya nanasi. Makadara, ambako viungo vyote hivyo vinapatikana sokoni kwa bei ya kawaida, soda ya namna hii bado ni kitu cha nyumbani na cha sherehe chache. Inastahili kuonjwa kwa makini zaidi, na kuonja huko kuna elimu yake.

Kwanza lazima jambo moja linyooshwe. Soda za mikono za Marekani hujisifu kwenye lebo kwamba zimetiwa sukari ya miwa. Sifa hiyo ina maana kule, kwa sababu viwanda vikubwa vya Marekani viliacha sukari ya miwa na kuhamia sharubati ya mahindi, na kufikia mwaka 1984 Coca-Cola ya huko ilikuwa imehama kabisa. Kampuni ndogo ya Jones Soda ilipohamia sukari ya miwa mwaka 2007, wateja waliona jambo kubwa limetendeka. Kenya haikupita njia hiyo. Soda ya kawaida inayouzwa Hamza au Kaloleni hutiwa sukari, si sharubati ya mahindi, hivyo maneno "sukari ya miwa" kwenye chupa ya hapa hayamwambii mnunuzi lolote jipya.

Swali lenye uzito Makadara ni jingine: sukari hiyo imebaki na nini? Sukari nyeupe ya viwandani, ambayo kwa Kenya sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, husafishwa hadi isiwe na rangi, harufu wala ladha yoyote isipokuwa utamu. Ndicho mwenye kiwanda anachokitaka, maana chupa ya leo lazima ifanane na ya jana. Sukari nguru, ile inayopikwa kwa kuchemsha maji ya miwa hadi yagande, hubaki na rangi ya kahawia na ladha nzito ya moshi na chumvi kidogo. Asali hubeba harufu ya maua ya mahali nyuki walipokula. Maji ya miwa yenyewe yana harufu ya majani mabichi. Utamu wa namna hii hauji peke yake. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu kinywaji chenye ladha nyingi kinaweza kuridhisha kwa sukari kidogo.

Ladha hizi si ngeni kwa watu wa Eastlands. Mitaa ya Makadara ilijengewa wafanyakazi Waafrika wa jiji na wa reli, Kaloleni ikisimamishwa miaka ya 1940 na Makongeni ikiwa makazi ya watu wa reli, na waliohamia humo walitoka kila pembe ya nchi na hata ng'ambo ya mipaka. Afrika Mashariki ilikuwa na vinywaji vitamu visivyo na sukari ya dukani muda mrefu kabla Coca-Cola haijafika Kenya mwaka 1948. Tanzania kuna togwa, na magharibi mwa Uganda kuna bushera. Vyote viwili hutegemea mtama au ulezi ulioota. Mbegu inapoota hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga na kuugeuza sukari, kwa hiyo uji uliotiwa unga wa kimea unakuwa mtamu wenyewe bila kijiko cha sukari kuguswa. Waganda na Wanyarwanda nao hukamua ndizi mbivu kwa nyasi ngumu hadi zitoe maji matamu, meupe, yasiyo na nyuzi.

Hata biashara kubwa inafahamu mahali ulimi wa Mkenya ulipo. Stoney Tangawizi imedumu madukani kwa sababu watu wa hapa wanapenda soda inayowasha koo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfanyabiashara Peter Kuguru alijitosa na Softa, soda ya Kikenya iliyothubutu kukaa rafu moja na majina ya dunia. Mwaka 2008 East African Breweries ilileta Alvaro, kinywaji cha kimea kisicho na kileo, na kikapendwa kwa kasi iliyoifanya Coca-Cola ijibu mwaka huo huo na Novida. Kiu ya ladha nyingine ipo.

Basi, vinywaji hivi vya mkono vinaonjwaje?

Jambo la kwanza ni joto. Wakenya wanaoagiza soda "moto", yaani isiyotoka kwenye friji, wanajua kwa mazoea kile ambacho watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walikieleza katika jarida la Nature mwaka 2005. Katika seli za ladha mna mlango mdogo wa kemikali uitwao TRPM5, na mlango huo hufunguka kwa nguvu zaidi joto linapopanda. Utamu ule ule hupungua ulimini kinywaji kikiwa baridi sana. Hii ndiyo sababu mojawapo ya viwanda kumimina sukari nyingi: soda hutengenezwa inywewe baridi, na baridi hula utamu. Anayetaka kuonja kwa haki aiache chupa nje ya friji kwa muda kidogo, ipungue ubaridi. Kasoro zote za soda mbovu hujitokeza hapo.

Jambo la pili ni mwendo wa utamu. Sukari ya kawaida hupanda taratibu na kukaa. Asali ina sukari ya matunda, fruktosi, zaidi ya glukosi, na fruktosi hupanda upesi, hung'aa, kisha huondoka. Tena fruktosi ina tabia ya pekee: kadiri kinywaji kinavyokuwa baridi ndivyo inavyozidi kuwa tamu ikilinganishwa na sukari ya kawaida. Kwa hiyo soda ya asali huvumilia friji kuliko soda ya sukari, na kijiko kimoja hutenda kazi kubwa. Asali ya Kitui au ya Baringo, nyeusi na nzito, huacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi unaofaa sana penye tangawizi. Ichanganywe kwenye maji ya uvuguvugu tu. Ikichemshwa, harufu yake hupotea hewani na kinachobaki ni utamu mtupu.

Stevia ina mwendo tofauti kabisa. Mmea huu wa Paraguay umewahi kulimwa na wakulima wa Kericho kwa ajili ya kampuni ya PureCircle, na viini vya majani yake ni vitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Ni mmea halisi na hauna kalori za kuhesabu, lakini utamu wake huchelewa kufika, kisha hukataa kuondoka, ukiacha kiladha kinachokaribia dawa. Watengenezaji wengi huuficha nyuma ya ndimu nyingi. Kwa mgonjwa wa kisukari ni msaada mkubwa. Kwa mwonjaji ni utamu usio na mwili.

Tatu ni uchachu, na hapa ukwaju hauna mpinzani. Miti yake huota kwa wingi Ukambani na Pwani, na maganda yake hufika masoko ya Nairobi yakiwa makavu. Uchachu wa ukwaju hutoka kwenye asidi ya tartariki, ile ile inayopatikana katika zabibu, na nyama ya tunda ina sukari yake yenyewe. Loweka kwenye maji ya moto, vuruga, chuja, tia asali, acha ipoe. Mimina sehemu moja ya sharubati hiyo juu ya sehemu nne za maji ya gesi. Kinachotoka kina rangi ya hudhurungi, ukakasi mwepesi kwenye ufizi na ugwadu unaofanya mate yajae mdomoni. Ubuyu, kwa upande wake, hutoa soda ya maziwa-maziwa, nzito kidogo, kwa sababu unga wake una pektini nyingi. Ni tamu, ila mapovu hayakai ndani yake vizuri, na wengi watauonja mara moja tu.

Ukali wa tangawizi hausikiki kwa seli za ladha bali kwa neva za maumivu. Jinjeroli iliyo katika tangawizi mbichi huamsha kipokezi kile kile kinachoamshwa na pilipili. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Mpishi wa soda anayetaka harufu ya limau na ubichi atumie tangawizi mbichi iliyopondwa. Anayetaka moto wa kifuani aongeze ya unga.

Na mapovu? Hayo yana ladha, si mchezo wa ulimi tu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba kimeng'enya kilicho juu ya seli za uchachu hubadili gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo ikasomeka ulimini kama uchachu. Wapanda Mlima Kenya wanaomeza asetazolamaidi, dawa ya kuzuia maradhi ya miinuko, hulalamika kwamba soda yao imechina, kwani dawa hiyo huzuia kimeng'enya hicho. Gesi yenyewe, kwa mtu wa Nairobi, ina asili ya karibu. Kampuni ya Carbacid huichimba kutoka ardhini katika eneo la msitu wa Kereita na Lari, Kaunti ya Kiambu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kisha huisafisha na kuiuzia viwanda vya vinywaji. Huenda mapovu ya soda inayonywewa Jericho yametoka chini ya miti, kaskazini-magharibi mwa jiji.

Njia ya pili ya kupata mapovu ni ya kale zaidi: kuacha hamira ifanye kazi. Tangawizi iliyopondwa, sukari na maji huachwa kwenye mtungi siku chache, hamira iliyo kwenye ganda la tangawizi huamka, huila sukari na kutoa gesi. Matokeo yake ni matamu, yenye harufu ya mkate unaoumuka. Lakini yana masharti, na mtengenezaji mwaminifu huyasema. Kwa kila gramu mbili za sukari inayoliwa, hamira huacha takriban gramu moja ya gesi na gramu moja ya kileo. Kinywaji chenye mapovu makali kwa njia hii hakikosi kileo kidogo, na Mwislamu au mzazi anayemnunulia mtoto ana haki ya kujua kabla ya kunywa. Tena gesi haijui kuacha. Chupa ya kioo iliyofungwa na kusahaulika kabatini inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Wenye busara hutumia chupa ya plastiki, huibinya kila siku kupima ugumu wake, na ikishakaza huiweka kwenye friji mara moja.

Sasa afya, maana ndiyo inayotajwa kwanza na wanaouza vinywaji vya asili. Ukweli ni mchungu kidogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko vidogo sita. Katika hesabu hiyo shirika lilitia asali, sharubati na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Mwili haukupi punguzo kwa sababu sukari ilitoka kwa nyuki.

Mililita 300 za soda ya kola zina sukari ya karibu gramu 32. Maji ya miwa yaliyokamuliwa bila kuongezwa kitu huwa na sukari ya asilimia 13 hadi 17 au hata zaidi, kwa hiyo glasi ya kiasi hicho hicho ina gramu 40 hadi 50 hivi. Anayeiacha soda na kunywa glasi mbili za miwa kila siku akiamini ameilinda afya yake amepotoshwa, na wanaomwambia hivyo wanamkosea.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha njia. Changanya maji ya miwa nusu kwa nusu na maji ya gesi, tangawizi na ndimu zikiwa zimekamuliwa humo humo. Glasi ya mililita 300 inabaki na gramu 20 hadi 25 hivi za sukari, robo hadi theluthi moja chini ya kola, na ladha haipungui. Inaongezeka, kwa kuwa miwa mitupu ina uzito unaochosha baada ya mafunda matatu, na gesi inauvunja uzito huo na kuinua harufu ya majani. Ukwaju wa asali ni bora zaidi: kijiko kimoja kikubwa cha asali kina sukari ya gramu 17 hivi, na ukwaju huleta kiasi chake kidogo. Ukiweka glasi hizi mbili mezani kando ya soda ya dukani, zote zikiwa na ubaridi wa kiasi, soda ya dukani ndiyo itakayoonekana haina la kusema.

Miwa ina udhaifu mmoja ambao mnywaji anaweza kuuona kwa macho. Maji yake hubadilika rangi na kuwa ya kahawia baada ya muda mfupi, vimeng'enya vikikutana na hewa. Ndimu huchelewesha hali hiyo, na ndiyo maana wauzaji wa mtaani, bila darasa la kemia, huikamua pamoja na muwa. Juisi iliyokwisha kuwa na rangi ya udongo imekaa. Omba mpya.

Usafi nao si jambo la kupitia juu juu. Nairobi ilipopigwa na kipindupindu mwaka 2017, vyakula na vinywaji vya barabarani vilikuwa miongoni mwa vilivyotiliwa shaka, na wauzaji wengi waaminifu waliumia pamoja na wazembe. Muwa wenyewe ukimenywa vizuri si tatizo kubwa. Tatizo huwa ni barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa, mashine isiyooshwa tangu asubuhi, na glasi inayosuuzwa kwenye ndoo moja kutwa nzima. Kwa soda ya chupa, anayetaka kuiuza madukani anahitaji alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na kibali cha afya ya umma. Kwa kijana wa Mbotela anayeanza na chupa chache, safari hiyo ni ndefu na ya gharama. Kaunti na KEBS zingefanya jambo la maana zikiwapa watengenezaji wadogo mahali pa pamoja pa kufungashia, penye maji safi na vipimo, badala ya kumwachia kila mmoja ajenge kiwanda peke yake.

Wakati hayo yakisubiriwa, mnywaji wa Makadara ana uwezo wake. Muulize muuzaji wa miwa kama ameongeza sukari, na umwombe asiongeze. Angalia mashine kabla ya kuagiza. Nunua chupa ya maji ya gesi, mwambie akujazie nusu glasi tu ya miwa, kisha umalizie mwenyewe. Na yeyote anayekuuzia soda ya asili ndani ya chupa mwombe aandike mambo mawili kwenye lebo: utamu umetoka wapi, na ni gramu ngapi.